Ukungu uliosimamisha mbio za saa 24 za Nürburgring, Juni 2024: uchambuzi kwa waandaaji na madereva wa nyanda za juu kusini

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2024, saa 10 jioni kwa saa za Ujerumani, Mbeya ikiwa saa 11, zaidi ya magari 100 yaliachiwa kuanza mbio za saa 24 za Nürburgring. Kabla ya saa 6 usiku yote yalikuwa yamesimama. Bendera nyekundu ilitolewa kwa sababu ya ukungu, na ukungu huo ukagoma kuondoka usiku kucha na asubuhi yote. Magari yalirudi njiani baada ya saa 7 mchana wa Jumapili, yakazunguka mizunguko 5 nyuma ya gari la usalama, lile linaloongoza msafara kwa mwendo wa taratibu, bila ruhusa ya kupitana, kisha mbio zikafungwa. Audi R8 ya timu ya Scherer Sport PHX, iliyoendeshwa kwa zamu na Ricardo Feller, Dennis Marschall, Christopher Haase na Frank Stippler, ikatangazwa mshindi kwa mizunguko 50. Mwaka mmoja kabla, Ferrari ya timu ya Frikadelli ilikuwa imeshinda hapohapo kwa mizunguko 162.

Dereva anayepanda Uporoto alfajiri, au anayekatiza Mufindi mwezi wa saba, ana haki ya kuuliza: hawa ni madereva wa kulipwa, wana taa kali kuliko zetu, njia yao haina mbuzi wala bodaboda, wamesimamishwaje na kitu ambacho dereva wa basi la Tukuyu anakipita kila siku? Jibu letu ni kwamba ukungu haukuwashinda madereva. Uliwashinda walinzi wa njia, na mbio zikishapoteza walinzi hazina budi kusimama, hata kama kila aliyeshika usukani yuko tayari kuendelea.

Njia na hewa yake

Njia ya mbio hizi inaunganisha Nordschleife, njia ndefu ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1927 na yenye kilomita 20.8, pamoja na njia mpya ya Grand Prix. Mzunguko mmoja ni kilomita 25.378. Una kona zaidi ya 70, sehemu kubwa inapita msituni katika milima ya Eifel, na kati ya bonde la Breidscheid na sehemu za juu kuna tofauti ya takriban mita 300 za mwinuko.

Mita 300 hizo ndizo zinazoleta shida. Hewa yenye unyevu ikipanda mlima hupoa, kwa kawaida nusu nyuzi hadi nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 100. Kwa hiyo kati ya bondeni na juu joto linaweza kupungua nyuzi 1.5 hadi 3. Usiku wa baada ya mvua, ardhi ikiwa imelowa na upepo umetulia, upungufu huo unatosha kuifikisha hewa mahali isipoweza tena kubeba mvuke wake. Bondeni unaona nyota, juu huoni boneti ya gari lako. Ukungu wa namna hii kwa kweli ni wingu lililolalia mlima, na halitoki kwa kusubiri robo saa: linahitaji jua la kupasha ardhi au upepo wa kulisukuma. Anayetoka Uyole kwenda Tukuyu ameshakutana nalo. Uyole kweupe, Isyonje magari yanawasha taa saa 4 asubuhi, ukishuka Kiwira unalikuta jua tena.

Kwa njia ya mbio, hali hii ya vipandevipande ni mbaya kuliko ukungu uliotanda kote. Dereva anatoka sehemu anayoona mita 500, anaingia kwenye ukuta mweupe akiwa bado na mwendo wa sehemu ya wazi.

Mnyororo wa macho

Kwenye njia fupi ya kilomita 4 au 5, mkurugenzi wa mbio anaona karibu kila kona kwa kamera, na gari la usalama linaweza kuwakusanya wote ndani ya dakika chache. Nordschleife ni ndefu mno kwa utaratibu huo. Usalama wake unasimama juu ya marshali, yaani walinzi wa njia, waliopangwa kandokando ya njia yote wakiwa na bendera na redio. Gari likizunguka na kusimama vibaya, marshali wa kituo hicho anapeperusha njano. Bendera mbili za njano zina maana mwendo usizidi kilomita 120 kwa saa. Hatari ikiwa kubwa zaidi, sehemu hiyo inawekwa chini ya agizo la Code 60, yaani kilomita 60 kwa saa bila kupitana. Sehemu nyingine zote za njia zinaendelea na mbio kama kawaida.

Mpango huu ni mzuri sana mpaka siku bendera isipoonekana. Tuweke hesabu mezani. Gari la GT3, daraja la juu katika mbio hizi, likiwa kilomita 250 kwa saa linakata mita 69 kila sekunde. Kwa barabara yenye unyevu, tukichukua breki za nguvu ya 1 g (sawa na mvutano wa dunia), litahitaji kama mita 246 kusimama, na ukiongeza sekunde moja ya dereva kutambua na kukanyaga, jumla ni mita 315. Kwa kilomita 120 jumla hiyo ni mita 90. Kwa kilomita 60 ni mita 31 tu. Sasa weka ukungu unaoruhusu kuona mita 50. Mwendo pekee ambao dereva anaweza kusimama ndani ya anachokiona ni ule wa Code 60, na ni lazima uwe kote, kwa sababu hakuna anayejua gari bovu liko wapi. Mzunguko wa kilomita 25 kwa kilomita 60 kwa saa ni dakika 25. Wenye kasi huumaliza kwa dakika 8 na kitu. Hapo mbio hazipo tena, hatari ndiyo imebaki.

Taa kali hazisaidii. Matone ya ukungu yanarudisha mwanga machoni, na kadiri taa zilivyo juu na zilivyoelekezwa mbali ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mweupe. Taa zinazosaidia ni zilizofungwa chini karibu na bampa, zenye mwanga mpana unaokatwa juu, zikionyesha kingo za lami mita chache mbele. Zinakuonyesha barabara. Gari lililokufa mita 120 mbele haziwezi kukuonyesha.

Kwa nini basi wasingefuata gari la usalama usiku kucha? Magari 100 yakifuatana kwa nafasi ya mita 25, pamoja na urefu wa gari lenyewe, yanafanya msururu wa karibu kilomita 3. Gari la usalama likiwa kwenye kona, la mwisho liko kona nyingi nyuma, na dereva wake anafuata taa nyekundu mbili za mwenzake tu. Wa katikati akiteleza na kusimama kwa ubavu, hakuna bendera itakayowahi kuwaonya waliomfuata. Na marshali wanabaki nje muda wote huo, kwenye baridi, wakilinda msafara usiotoa mshindi.

Msaada usiofika kwa wakati

Upande wa pili wa uamuzi ni uokoaji. Oktoba 9, 2020, Formula 1 ilikuwa hapohapo Nürburgring, kwenye njia fupi ya Grand Prix, na mazoezi yote mawili ya Ijumaa yakafutwa kwa kuwa helikopta ya wagonjwa haikuweza kuruka kwenye ukungu. Hakuna gari lililoanguka. Hospitali ilikuwa mbali mno kufikiwa kwa barabara ndani ya muda uliowekwa, basi.

Nordschleife ina historia chungu zaidi. Agosti 1, 1976, Niki Lauda aligonga na gari lake kuwaka karibu na kona ya Bergwerk. Waliomtoa motoni ni madereva wenzake, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu. Walimwona kwa kuwa kulikuwa mchana na hewa ilikuwa wazi. Formula 1 haikurudi tena kushindana kwenye njia ile ndefu. Kila mkurugenzi wa mbio anayekaa kiti kile Nürburgring anajua kwamba mwangalizi wa kwanza wa ajali mara nyingi ni dereva anayekuja nyuma, na ukungu unamfanya dereva huyo awe ajali ya pili.

Mvua ni habari nyingine. Wiki mbili baadaye, Juni 15 na 16, 2024, mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zilinyeshewa usiku hadi magari yakakaa nyuma ya gari la usalama kwa zaidi ya saa 4. Mbio hazikusimamishwa, zilifika saa 24 kamili, na Ferrari 499P namba 50 ilishinda kwa mizunguko 311, mbele ya Toyota kwa sekunde 14.221 tu. Mvua ina tairi yake: unaacha tairi za kipara, zilizotengenezwa bila mifereji, ambazo kwenye lami kavu ndizo zenye kushika kuliko zote, unafunga zenye mifereji ya kutoa maji, unapunguza mwendo, na kuna kiwango ambacho gari linashika tena. Ukungu hauna tairi.

Nürburgring yenyewe inathibitisha tofauti hii. Mwaka 2020 mvua ya usiku ilisimamisha mbio kwa saa nyingi, na mshindi, BMW ya timu ya ROWE, bado alifikisha mizunguko 85. Mwaka 2021 ulikuwa ukungu: mbio zilikatika zaidi ya saa 14, na Porsche ya Manthey ikashinda kwa mizunguko 59. Ilidhaniwa rekodi hiyo ya ufupi ingekaa miaka mingi. Ilikaa mitatu.

Kuhusu ile mizunguko 5 ya mwisho, sisi tunaona ilikuwa heshima kwa watazamaji waliolala kwenye mahema yenye tope, na hatari yake ilikuwa ndogo. Lakini kusogeza saa ya kuanza upya mara kwa mara kunawachosha watu kuliko kuwaambia wazi: tutapima tena saa fulani, kabla ya hapo nendeni mkalale.

Saa 14 za kusimama zinafanya nini kwa gari

Hapa timu nyingi hupoteza mbio ambazo bado hazijaanza upya. Kanuni za mbio nyingi haziruhusu kugusa gari chini ya bendera nyekundu isipokuwa kwa kibali, kwa hiyo kila tatizo linakaa ndani likisubiri.

La kwanza ni upepo wa tairi. Tairi iliyokuwa na nyuzi 80 na PSI 28, ikipoa hadi nyuzi 12 za usiku wa mlimani, inashuka hadi PSI 20 hivi bila kuvuja hata kidogo. Ukiondoka na tairi hiyo nyuma ya gari la usalama haitapata joto la kurudisha upepo wake. Ubavu unajikunja, gari linaogelea kwenye kona, na rimu inaweza kugonga ukingo. Fundi anayekimbilia kuongeza upepo tairi ikiwa baridi naye anakosea upande wa pili, kwa sababu mbio zikifunguliwa tairi itapanda kupita kipimo. Kinachotakiwa ni seti nyingine iliyopangwa mapema kwa kuanzia baridini, na upepo wake uandikwe kwa chaki kwenye kila tairi pamoja na joto la hewa la wakati ilipojazwa.

Diski za chuma hushika kutu ya juu ndani ya usiku mmoja wa unyevu. Kutu hiyo inatoka kwa kukanyaga breki chache, ila ukanyagaji wa kwanza hauna nguvu na mara nyingi gari linavuta upande mmoja. Dereva aambiwe asukume breki taratibu mara sita au saba kabla ya kona ya kwanza. Betri nayo inaliwa kimyakimya na redio, vifaa vya kurekodi na feni. Kama swichi kuu haijazimwa, starta haitazungusha injini baridi yenye oili nzito. Unyevu unaingia kwenye soketi za waya, hasa za vihisi vya magurudumu, na taa ya ABS inawaka dakika ileile watu wanapopanga mstari.

Kioo cha mbele kinastahili sentensi zake. Dereva aliyelowa anaingia na lita nzima ya maji kwenye ovaroli na viatu, hita inayageuza mvuke, na kioo kinapata ukungu wa ndani. Ukichanganya na ule wa nje, hakuna kuona. Tiba ni nguo kavu kabla ya kuingia, mkeka wa sakafu uliokaushwa, kioo kilichosafishwa mafuta ya vidole kisha kupakwa dawa ya kuzuia mvuke, na feni ielekezwe kiooni tangu injini inapowashwa. Kitambaa kikavu kifungwe mahali mkono unafika ukiwa umefunga mkanda.

Watu nao. Dereva aliyelala kwenye kiti cha gari la huduma ataamka mgongo umekaza. Marshali aliyesimama kwa muda wa saa 7 kwenye baridi hasikii vizuri redio na vidole vyake havishiki bendera. Zamu yake ibadilishwe kabla ya kuanza upya, akiwa amepata chai ya moto na soksi kavu, hata kama ratiba inakimbia.

Mufindi, Njombe, Uporoto

Iringa imekuwa ikipokea raundi za ubingwa wa rali wa taifa, na barabara za msitu wa Sao Hill ni nzuri mno kwa mchezo huu: changarawe nyekundu, kona ndefu, miti pande zote. Ni haohao msitu na mwinuko unaoshika ukungu asubuhi. Rali haina magari 100 kwa pamoja, gari moja linaondoka baada ya jingine, na hapo ndipo wengi wanajidanganya kwamba ukungu hauwahusu.

Angalia kinachotokea gari likikwama katikati ya njia. Utaratibu wa rali unataka pembetatu nyekundu iwekwe angalau mita 50 kabla ya gari, na wafanyakazi wa gari waonyeshe kibao cha OK au SOS kwa anayekuja. Gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa kwenye changarawe yenye unyevu, likipata nusu g ya breki, linahitaji karibu mita 107 pamoja na sekunde ya kutambua. Ukungu ukiwa wa mita 50, pembetatu iliyowekwa mita 50 inaonekana mita 100 kabla ya gari, na gari linalokuja linagonga. Kwenye ukungu pembetatu iende mita 150.

Sasa hesabu muda. Msomaji ramani anafungua mkanda, anatoka, anachomoa pembetatu: sekunde 20 kama hajaumia. Kukimbia mita 150 kwenye tope akiwa na helmeti na viatu vya mbio ni karibu dakika nzima. Kama nafasi kati ya magari ni dakika 1, gari la pili limeshafika. Kwa dakika 2 amewahi kwa shida, mradi mlango ulifunguka. Kwa ukungu tunataka dakika 3, na mwandaaji asiyeweza kuzitoa kwa sababu ya ratiba afute hatua hiyo, yaani kipande hicho cha njia ya mashindano. Magari 20 kwa dakika 3 ni saa nzima ya kuachia; ijulikane tangu ratiba inapoandikwa.

Vituo vya redio kwenye rali vinawekwa takriban kila kilomita 5, na bendera nyekundu hutolewa hapo. Mabonde ya Mufindi yana sehemu redio hazisikiki, kwa hiyo gari la kupokezana mawasiliano lisimame mlimani, na kila kituo kijaribiwe siku moja kabla kwa sauti, si kwa kuangalia taa ya redio tu. Kila kituo kiwe na nguzo nne zenye karatasi ya kung'aa, zilizopigwa mita 25, 50, 100 na 150 kutoka alipo marshali. Badala ya kusema "ukungu ni mwingi", anaripoti nguzo ya mwisho anayoiona. Mapendekezo yetu: nguzo ya 150 ikipotea, nafasi inakuwa dakika 3, ya 100 ikipotea kwenye kituo chochote, hakuna gari jipya linaloachiwa, yaliyomo ndani yanaonyeshwa nyekundu kwenye kituo kinachofuata.

Helikopta huku haipo ya kutegemea, kwa hiyo gari la wagonjwa ndilo kipimo. Kwenye ukungu litatembea kilomita 40 kwa saa kama dereva wake ana busara, yaani dakika 15 kwa kilomita 10, kabla hata halijaanza safari ya hospitali. Hatua ya kilomita 20 yenye gari moja la wagonjwa kwenye mstari wa kuanzia haikubaliki asubuhi za Juni na Julai. Liwepo jingine katikati, limegeuziwa upande wa kutokea.

Kwa wenye malori na mabasi kati ya Makambako na Uyole hesabu ni ileile, ila breki ni dhaifu na mzigo ni mkubwa. Matawi ya miti yanayowekwa nyuma ya lori bovu yanaeleweka mchana wa jua. Kwenye ukungu majani mabichi yana rangi ileile ya bega la barabara na hayarudishi mwanga. Pembetatu ya kung'aa, mbali kuliko unavyodhani inatosha, ndiyo inayoonekana.

Hatua za juu zipangwe baada ya saa 4 asubuhi, za bondeni zitangulie. Ukungu ukiondoka, usiachie gari mara moja: pitisha gari la kukagua njia, subiri dakika 30, kisha ulipitishe tena, kwa sababu wingu la mlimani hurudi kwa upepo mdogo tu. Vituo vyote vikiripoti nguzo ya 150 mara zote mbili, gari la kwanza liondoke, na la pili lisubiri mpaka la kwanza lipite kituo cha kwanza cha redio.